Sebule nzuri isiyokaliwa na mtu

Mlango wa sebule ile ulikuwa na ufunguo wake. Ulining'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha baba na mama, juu kiasi kwamba mtoto wa darasa la nne hakuufikia hata akipanda kwenye kigoda. Watoto watatu wa nyumba hiyo, nje kidogo ya mji wa Biharamulo, waliijua sheria. Sebuleni hawaingii mpaka aje mgeni, na mgeni akija wataingia, watasema shikamoo, watatoka.

Mama wa nyumba ni fundi cherehani. Baba ni mwalimu wa sekondari. Nyumba yao waliijenga kwa miaka sita, kwa mwendo unaojulikana na kila mzazi aliyewahi kujenga katika nchi hii: mwaka huu msingi, mwakani kuta, mwaka wa tatu bati kama Mungu akijalia, kisha ada za shule zinaingilia kati na nyasi zinaota ndani ya vyumba. Walipohamia, madirisha mawili yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao. Kwa hiyo kikoba cha mama kilipogawana mwezi Desemba na yeye akapata shilingi milioni moja na laki nane, baba hakushangaa aliposikia kwamba fedha yote inakwenda sebuleni. Mkewe alikuwa anaisubiri sebule hiyo tangu siku ya msingi.

Picha alikuwa nazo. Simu yake ilijaa sebule za watu: makochi ya rangi ya maziwa, zulia la manyoya, meza ya kioo yenye miguu ya rangi ya dhahabu, ukuta wa nyuma ya televisheni uliobandikwa karatasi inayofanana na jiwe, dari la jipsamu lenye taa zilizofichwa. Nyingine zilikuwa za Dubai, nyingine za Masaki, na nyingine nyumba zenyewe hazipo popote duniani, zimechorwa na kompyuta. Katika picha zote hizo hakuna mtoto. Hakuna ndoo ya maji, hakuna gunia la mkaa, hakuna chandarua kilichofungwa fundo mchana. Wala hakuna lile vumbi jekundu la Biharamulo ambalo kiangazi huingia hata kwenye sanduku lililofungwa.

Fundi seremala wa mjini aliziangalia picha hizo, akakuna kichwa, akatengeneza makochi kama yalivyo. Kitambaa kiliagizwa Mwanza. Meza ya kioo ilikuja juu ya basi kutoka Kahama, imefungwa kwa magodoro. Marumaru zilikuwa za aina ile inayong'aa mpaka mtu akiinama anajiona uso, nazo zilichukuliwa kwa mkopo, kwa sababu milioni moja na laki nane ni fedha nyingi mpaka siku unapoanza kuzitumia.

Ikapendeza kweli. Hilo lazima lisemwe, maana ni rahisi kumcheka mama huyu. Sikukuu ya Krismasi majirani walivua viatu mlangoni wenyewe, bila kuambiwa. Mwalimu mkuu wa shule anayofundisha baba alikaa kwenye kochi lile akiwa ameshika soda yake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Baba akaringa. Januari makochi yakafunikwa nailoni, na ufunguo ukapanda kwenye msumari.

Watoto wakasomea jikoni. Kulikuwa na jamvi kando ya jiko la mkaa na balbu moja juu, na yule wa darasa la nne, ambaye mwisho wa mwaka alikuwa na upimaji wa kitaifa, aliandikia juu ya mfuniko wa ndoo. Daftari lake la hisabati lilikuwa na doa la mafuta ya kula lililopenya kurasa nne. Baba yake kila siku aliwauliza wanafunzi wa watu kwa nini kazi zao za nyumbani ni chafu.

Mwezi Machi akaja Bibi.

Bibi ni mama mzazi wa baba, anatoka upande wa Rulenge, wilayani Ngara. Alikuwa akiishi peke yake tangu mzee wake alipofariki. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili. Moja lilikuwa limefanyiwa upasuaji na linaona, la pili lilikuwa bado linasubiri. Mwanawe alimfuata akamleta. Waliteremka na Haisi mpaka Benaco, wakapanda basi, wakapita Nyakahura, wakafika njia panda ya Lusahunga, wakashika barabara ya Biharamulo. Bibi alishuka na mkeka uliokunjwa na kikapu chenye mfuniko. Ndani ya kikapu mlikuwa na maharage, maana huwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu hata kama unakwenda kuuguzwa.

Kwa heshima yake sebule ilifunguliwa na nailoni ikaondolewa.

“Karibu, mama. Kaa hapa,” mkwe wake alimwambia, akampigia magoti.

Bibi aliliangalia kochi. Aliliangalia vazi lake la kitenge lililojaa vumbi la safari. Akakaa chini karibu na mlango, akanyoosha miguu. “Hapa panatosha, mwanangu.”

Walidhani ni unyenyekevu, na kwa sehemu ulikuwa unyenyekevu. Lakini siku ya pili baba alipomlazimisha akae kochini, lilionekana jambo jingine. Kochi lile lilikuwa fupi na lenye kina, kama ya kwenye picha, ya kujitupa. Bibi alizama. Alipotaka kunyanyuka ilibidi wajukuu wawili wamvute mikono, wakacheka, naye akacheka, lakini hakukaa tena. Makochi ya kwenye picha yametengenezwa kwa ajili ya magoti ya vijana.

Siku ya tatu jioni alianguka. Watoto walikuwa wametoka kuoga na nyayo zao zilikuwa na maji. Marumaru nyeupe, ukuta mweupe, meza ya kioo isiyo na rangi: kwa jicho moja lenye ukungu chumba kile hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Aligonga muundi kwenye kona ya meza, akateleza, akaangukia mkono. Hospitali walisema mfupa haukuvunjika. Walimfunga bandeji, wakamwambia asiutumie mkono kwa wiki tatu.

Usiku ule baba na mama walizozana kwa sauti ya chini, ile inayosikika nyumba nzima.

“Hii nyumba gani ambayo mama yangu hana pa kukaa?”

“Ulipokuwa unaionyesha kwa walimu wenzako ilikuwa nyumba gani?”

Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hawakumaliza. Mama alilia, na baba hakuelewa kwamba hakulilia meza. Mama huyu alizaliwa Kasulo, jirani kabisa na Benaco. Alikuwa na miaka saba mwishoni mwa Aprili 1994, wakati watu zaidi ya laki mbili kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi, na mashamba aliyokuwa akichungia mbuzi yakageuka mji wa maturubai ya buluu. Kwao hawakuwa wakimbizi, lakini nyumba yao ya chumba kimoja ilikuwa na nyasi zinazovuja, na baba yake alipopata kipande cha turubai alikitandaza juu ya kitanda cha watoto. Kwa miaka mingi aliamka akiangalia ile buluu. Alijiapia kwamba akiwa mkubwa atakuwa na chumba kimoja, kimoja tu, ambacho mtu akiingia hataona shida. Mambo hayo hakuwahi kumweleza mumewe kwa miaka kumi na mitatu ya ndoa. Alimweleza usiku ule.

Kwa wiki tatu Bibi alikaa jikoni na wajukuu. Mkono umefungwa, kusuka hawezi, basi akawa anafundisha kwa mdomo. Kikapu chake kilikuwa cha nyasi zilizozungushiwa nyuzi, nyingine za mkonge, nyingine zilizochambuliwa kwenye viroba. Michoro yake ilikuwa pembe nyeusi zinazopanda zikizunguka mpaka kileleni. Aliwahesabisha: ukiongeza mzunguko mmoja, pembe inapungua nyuzi ngapi? Mtoto wa darasa la nne, aliyekuwa akishindwa maumbo, aligundua kwamba bibi yake asiyesoma anayajua yote bila kutumia rula.

Mama alikuwa akichungulia simu yake jioni moja, kwenye picha zake zile zile, akaona sebule nyeupe ya huko ng'ambo. Juu ya kochi, ukutani, vimetundikwa vikapu saba vya duara. Akaivuta picha kwa vidole. Akanyanyua macho akaangalia kikapu cha mkwe wake kilichokaa chini kando ya mkaa. Akaangalia tena simu.

Jambo lenyewe si la ajabu kwa watu wa Ngara. Pale mjini kwao kuna kampuni ya kijamii iitwayo WomenCraft ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikinunua vikapu kwa wanawake wanaosuka katika eneo hilo la mpaka wa Tanzania, Rwanda na Burundi, na pia imefanya kazi na wakimbizi wa Burundi waliokuwa kambini. Vikapu hivyo huuzwa nje ya nchi, na vikifika huko haviwekwi maharage. Hutundikwa ukutani vikawa pambo. Maana yake ni kwamba mwanamke wa Ngara anasuka kitu kinachopamba sebule ya Marekani, kisha anakwenda gulioni kununua ua la plastiki la kupamba ya kwake.

Mama alimwonyesha Bibi picha, akamsogezea kwenye jicho zima.

Bibi aliangalia kwa muda mrefu. “Wamevitundika?” aliuliza. “Kwani hawana maharage?”

Kuvuka Rusumo tu, upande wa pili wa Mto Kagera, kuna jambo jingine ambalo mama alilikumbuka siku hizo, maana utotoni alikwenda huko mara kadhaa na shangazi yake. Ni michoro iitwayo imigongo, jina ambalo halihitaji mkalimani: migongo. Ni sanaa ya Gisaka, nchi ya kale ya mashariki mwa Rwanda, na simulizi ya wenyeji humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeanza kuipamba nyumba yake kwa namna hiyo. Wanawake huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakainua matuta membamba ukutani au juu ya ubao kwa vidole, wakaacha yakauke, wakayasugua, kisha wakapaka nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nyeupe ni ya udongo mweupe, nyekundu ni ya udongo mwekundu. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 kazi hiyo ilikuwa karibu kupotea, na wanawake wa Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, wakaifufua kupitia ushirika wao. Leo mbao za imigongo ziko kwenye kuta za hoteli za Kigali.

Ukitazama kwa jicho la fundi, michoro ile ina akili. Rangi tatu tu, zinazotengana vizuri, hata kwa mtu asiyeona vizuri. Na nyekundu yake ndiyo ile ile ya vumbi linalotusumbua. Mwenye ukuta mwekundu hana haja ya kupigana na vumbi jekundu.

Mama akaanza. Meza ya kioo iliuzwa kwa mwenye saluni, kwa hasara ambayo ni bora isiandikwe. Fedha yake ikatengeneza meza ndefu ya paini, imara, isiyo na kona kali, na benchi. Aliiweka kando ya dirisha, si katikati ya chumba, ili mwanga wa mchana uingie ubavuni mwa anayeandika. Balbu ya usiku fundi umeme aliishusha juu ya meza, upande wa kushoto, kwa sababu watoto wote watatu huandika kwa mkono wa kulia na kivuli cha mkono kikianguka kwenye daftari macho huchoka. Kazi hiyo ilikuwa ya nusu saa na waya wa mita mbili.

Nusu ya chini ya ukuta, mpaka begani kwa mtoto, alipaka rangi ya mafuta yenye wekundu wa udongo. Hilo shule zetu zimelijua miaka yote: rangi ya mafuta hufutika kwa kitambaa na sabuni, ya maji haifutiki. Juu aliacha nyeupe, kwa sababu nyeupe inarudisha mwanga na umeme haukai siku zote. Kati ya rangi hizo mbili akazungusha mkanda wa michoro, upana wa kiganja. Alikata boksi la katoni kwa mkasi wake wa kazi, akapima kwa futi ya cherehani, akagonga rangi nyeusi kwa sponji. Yeye ambaye hukata marinda ya sare za shule nzima alishindwa kwenye kona: mkanda ulipofika ulipoanzia, pembe ya mwisho ilikuwa nusu. Akasogeza kabati pale.

Makochi hakuyauza, na baba alikubali kwamba asiyauze. Aliyainua kwa kuongeza miguu ya mbao, akaongeza sponji ngumu ndani ya mito, akashona foronya kubwa za kitambaa cha kahawia zenye zipu, za kuvua na kufua. Ile rangi ya maziwa bado iko chini yake. Wiki ya pili mtoto mdogo alimwaga uji wa ulezi, foronya ikavuliwa, ikafuliwa, ikaanikwa, na hakuna aliyechapwa.

Kwa Bibi walinunua kiti kimoja cha mbao, kirefu, chenye mikono, cha kunyanyukia. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika sebule ile na ndicho kinachogombewa zaidi.

Marumaru ndizo zilizoshinda. Huwezi kuzing'oa, mkopo wenyewe haujaisha. Wakatandika mkeka wa Bibi, ukateleza vibaya kuliko marumaru. Baba, na hapa apewe sifa yake, alikata tyubu ya baiskeli vipande akavibandika kwa gundi chini ya mkeka, kwenye kona na katikati. Ukashika. Kwenye kizingiti cha kuingia jikoni alipaka mstari mweusi, upana wa vidole vitatu, Bibi aone ngazi inapoanza. Vikombe vyeupe vilihamishiwa kabatini vikaletwa vya bluu, kwa sababu kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe Bibi alikuwa anakipapasa.

Chumba chake cha kulala kilikuwa stoo. Mahindi yalihamia pengine. Chandarua, ambacho kwa pande hizi si pambo bali ni uhai, hakikufungwa tena kwenye msumari mmoja juu kama hema; baba alipigilia papi nne darini, kikashuka wima pande zote, na Bibi akaacha kujinyonga nacho akiamka usiku. Wenyeji wa Kagera wanakumbuka miaka ile ya kupuliziwa dawa ya mbu kwenye kuta, jinsi kila nyumba ilivyotakiwa kutoa vyombo nje, na jinsi wenye makabati makubwa walivyohaha. Kitanda cha Bibi kinabebwa na watu wawili.

Si kwamba mambo yote yamekaa sawa. Baba bado analitaka dari la jipsamu na amepiga hesabu mara mbili. Mama bado anavutiwa na ile karatasi ya ukutani, na kuna jioni anakaa peke yake watoto wakishalala, anaangalia mkanda wake wa michoro, anatabasamu, kisha anafungua simu kuangalia sebule za Dubai. Mwalimu mkuu alipokuja mara ya pili alimkuta mtoto amelala kifudifudi kwenye mkeka anachora, Bibi kitini anachambua mchele, televisheni imezimwa. Alitafuta pa kuweka soda yake kwa muda, akaiweka mezani kati ya madaftari.

“Mmehamisha sebule?” aliuliza.

Kikapu mama alikitundika ukutani juu ya kochi, kwa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, chini kidogo ya walipovitundika watu wa kwenye picha. Kikakaa vizuri, nyeusi yake ikiitikia nyeusi ya mkanda. Majirani walikisifu. Bibi alikivumilia siku nne.

Siku ya tano kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka pale. Alfajiri Bibi alipanda kwenye benchi la watoto kwa ule mkono uliopona, akakishusha, akakijaza unga, akafunika, akampa mkwe wake abebe kichwani. Kilirudi jioni, kikatundikwa upande. Tangu hapo kinakwenda na kurudi, harusini, msibani, kwa mzazi aliyejifungua, na mgeni akikuta ukutani msumari mtupu watoto humwambia kimeenda kwa nani.

Ule msumari mwingine, wa nyuma ya mlango chumbani, mama anatundikia futi yake ya kushonea. Ufunguo haujulikani ulipo.